Gari Lililokataa Umeme

Binamu yangu Safwan hutembea na mkoba wa adapta begani. Kazi yake ni kuzunguka kwenye vituo vya kuchajia magari ya umeme, kuanzia mji wetu wa Salt hadi mwisho wa barabara ya jangwani, kutafuta kwa nini gari fulani na mtambo fulani vimekataana. Na kukataana ndiyo ada. Nchi yetu hii ndogo imejaa magari ya umeme ya kila asili: ya Kichina, ya Kikorea, na ya Kimarekani yaliyopondeka huko kwao yakanyooshwa kwenye karakana za Zarqa, kisha yakauzwa kwa viapo kwamba hayajawahi kuguswa. Kila aina ina mdomo wake wa kuchomekea waya. Mitambo mingi ya barabarani ina mdomo wa Ulaya, magari mengi yana mdomo wa China, na Safwan hula mkate wake hapo katikati.

Zamani alikuwa mcheshi wa ukoo. Aliwahi kutueleza, sahani ya wali mbele yake, kwamba gari na mtambo ni kama wakwe: umeme haupiti mpaka wasalimiane kwanza, waulizane hali, na mmoja akinuna tu, safari imekwisha. Tulicheka mpaka tukapaliwa. Hayo yalikuwa kabla ya majira ya baridi, kabla ya Yazan kufa.

Yazan alikuwa mdogo wake, ndugu pekee aliyekuwa naye. Alikuwa kinyozi mtaa wa Hammam, kijana mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Jioni moja ya mvua, kwenye barabara ya Madaba, alisimama kumsaidia mtu asiyemjua kubadilisha tairi. Gari la umeme likaja na kumgonga. Mwendeshaji alikuwa mvulana wa miaka kumi na tisa, jina lake Wisam, wa ukoo mmoja wa huko Tafila, kusini. Yazan hakufika hospitali. Yule mwenye tairi alikuwa ameinama chini ya gari lake, hakuona kitu. Polisi walisema barabara ilikuwa imelowa na hakuna alama ya tairi, kwa hiyo hawawezi kujua mvulana alifanya nini sekunde ya mwisho.

Wakubwa wa pande mbili wakafanya walilopaswa kufanya. Yakawekwa mapatano ya muda, mikono ikazuiwa, mvulana akawekwa ndani. Tangu siku hiyo sisi hatukanyagi kwao, wao hawakanyagi kwetu, na hakuna anayekunywa kahawa ya mwenzake mpaka siku ya sulhu. Sisi hatukuwahi kuwaona watu wa Wisam hata kwa picha. Wazee walikwenda na kurudi kwa niaba yetu, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu watu waliofiwa wakikutana na watu walioua, shetani naye hukaribishwa.

Safwan hakulia. Alipokea rambirambi, akala alichopewa, akalala alipoambiwa lala. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimsahau hapo, unamkuta hapo. Wiki ya pili alirudi kazini, na kazi aliifanya vizuri kama kawaida, labda vizuri zaidi, maana alikuwa hapigi soga. Nywele hakukata tena. Zilikuwa zinakatwa na Yazan tangu wote wawili wakiwa wadogo, zikaachwa ziote tu, zikafunika masikio, zikafika kwenye kola. Mama yake, Umm Safwan, mke wa marehemu ami yangu, alimwambia mara ngapi sijui aende kwa kinyozi mwingine. Alijibu "inshallah", na sote tunajua inshallah ya namna hiyo inakwenda wapi.

Swali lake lilikuwa moja. Alimwuliza polisi, akamwuliza mtu wa tairi, akaniuliza mimi ambaye nilikuwa Salt nakaanga vitunguu. Alikanyaga breki? Hakuuliza mwendo, hakuuliza kama mvulana alikuwa ameshika simu. Alitaka kujua tu kama mvulana alimwona Yazan akajaribu. Na sisi watu wazima wote tulimjibu jibu moja, kwamba hiyo ni kudra ya Mungu, na breki haizuii kudra. Mimi pia nilimjibu hivyo. Nilikuwa nimechoka na swali.

Baba yao alikwisha kufa, kwa hiyo neno la sulhu lilikuwa la Safwan. Siku ikapangwa, Ijumaa baada ya sala. Ujumbe ungekuja kutoka kusini ukiongozwa na Haji Dughaym, mzee mnene mwenye sauti ya kuombea mvua, ambaye amekwisha kusuluhisha damu nyingi kuliko mahakama. Kwetu ujumbe unapoingia humiminiwa kahawa, na mkuu wao huweka kikombe chini bila kukigusa. Hukiacha mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunyweni kahawa yenu." Akisema hivyo, yamekwisha, na mvulana atatoka. Asiposema, kahawa inapoa, watu wanainuka na njaa yao, na mvulana anabaki ndani, Mungu ajuaye mpaka lini.

Haji Dughaym alikuja kumpima Safwan kwa siri kabla ya siku. Nilikuwepo. Alizunguka sana, akaleta aya na methali, mwisho akauliza atasema nini.

"Niambie kama alikanyaga breki," Safwan alisema. "Kama alikanyaga, nitasema kunyweni. Kama hakukanyaga, sitasema."

"Mwanangu, nani atakwambia hilo?"

"Sijui, Haji. Labda hakuna."

Haji aliondoka akivuta tasbihi kwa kasi. Mlangoni aliniambia kwamba binamu yangu amekuwa jiwe. Nikamwambia jiwe lina afadhali, ukilipiga teke linabiringika.

Alhamisi, siku moja kabla ya ujumbe, Safwan aliitwa kwenye kituo cha karibu na Qatrana, jangwani. Gari la Kichina limekataa mitambo yote, mwenyewe amekwama. Umm Safwan alikwisha kuniapisha nisimwache peke yake barabarani, basi nikaingia garini naye. Mimi ni mstaafu wa jikoni jeshini. Siku hizi kazi yangu ni kumimina kahawa kwenye harusi na misiba ya ukoo, na kusema maneno yasiyotakiwa njiani. Nilisema mengi siku hiyo. Safwan aliendesha.

Tulimkuta mzee mmoja mwembamba, ameketi kwenye kivuli cha mtambo, viatu vimepigwa rangi kama mtu aendaye kwa wakwe. Gari lake lilikuwa jeupe, safi, asilimia saba tu ya chaji. Alituambia, kwa aibu, kwamba amejaribu vituo vinne tangu Tafila. Kila mtambo unasubiri, unasubiri, halafu unaandika kwamba gari halijibu. Nyumbani gari linapokea vizuri kwenye umeme wa ukutani, polepole, usiku kucha. Lakini kwenye hii mitambo ya haraka linageuka bubu.

"Adapta hiyo umenunua wapi, ami?" Safwan aliuliza.

"Zarqa. Waliniambia ya asili."

"Wote huambiwa hivyo," nikasema mimi.

Mzee alicheka kidogo, akafungua mlango wa nyuma, akatoa chupa ya chai iliyojaa kahawa, na vijikombe vitatu vilivyofungwa kwenye kitambaa. Safwan alikuwa ameanza kazi, akanywa amesimama, viwili, akakitikisa kikombe kuonyesha basi. Mimi nilikunywa vitatu. Kahawa ile ilikuwa kahawa, chungu, nyepesi, hiliki imewekwa na mtu mwenye adabu. Mimi sisifu kahawa ovyo, lakini nilimsifu yule mzee waziwazi, nikamwambia aliyeipika Mungu ampe afya. Akasema amepika mwenyewe, mke wake siku hizi hana mkono wa kupika kitu.

Hatukumwuliza jina wala safari yake. Kwetu humwulizi mtu shida yake kabla hujanywa kahawa yake, na ukishainywa unaona haya kwamba sasa utauliza kama mpelelezi. Yeye mwenyewe alisema anakwenda kumwona mwanawe, hapo mbele kidogo, na kesho ana safari nyingine ya kaskazini ambayo haiwezi kuahirishwa hata akifa. Alituomba tumwite Abu Faysal. Mimi nikadhani mwana yuko jeshini, na safari ya kesho ni harusi. Viatu vile vilinidanganya.

Safwan alifanya mambo yake kwa mpangilio, bila haraka. Aliondoa adapta ya mzee, akaweka ya kwake iliyopimwa. Mtambo ukasubiri, ukakata. Akahamia mkono wa pili wa mtambo. Ukakata. Akaleta gari la kazini, akalichomeka pale pale, nalo likapokea mara moja, kwa hiyo mtambo hauna kosa. Ikapita teksi ya Kichina ya aina ileile, akamwomba dereva dakika moja, akaijaribu kwa adapta ileile ya mzee. Ikapokea. Dereva akaondoka na umeme wa bure, anatuombea dua. Adapta ya Zarqa, kwa mshangao wangu, ilikuwa nzima.

"Basi ni gari," Safwan akasema. "Linanyamaza lenyewe."

Alichomeka kifaa chake cha kusomea chini ya usukani, akaketi kwenye kiti cha dereva, mguu mmoja nje. Nikasimama juu yake na miwani yangu. Kwanza kioo cha kifaa kilionyesha mistari mingi isiyo na maana kwangu. Safwan aliigusa mmoja mmoja. Halafu akaacha kugusa.

Niliisoma pamoja naye. Iliandikwa kwamba gari limewahi kugongana kwa nguvu na limejifunga lisipokee chaji ya haraka. Ikaandikwa tarehe. Chini ya tarehe ikaandikwa mwendo, kilomita mia na kumi na mbili. Chini ya mwendo ikaandikwa: breki, haikukanyagwa.

Tarehe ile sihitaji kuiandika mahali. Ni tarehe iliyoko kwenye kaburi la Yazan.

Vijikombe vitatu! Nimekunywa vitatu, nimesifu, nimemwombea mpishi afya, na mapatano bado, na sulhu bado. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonijia kwanza. Mtu hujidhania mwema, halafu siku ya siku anawaza tumbo lake.

Safwan hakugeuza uso. Alimwita mzee kwa sauti ileile aliyomwulizia adapta.

"Ami, gari hili liligonga nini?"

Abu Faysal alisimama na kitambaa chake cha vikombe mkononi.

"Liligonga mtu, mwanangu. Mungu amrehemu. Mwanangu mdogo ndiye alikuwa anaendesha." Akakikunja kitambaa, akakikunjua. "Yuko ndani mpaka leo. Kila nikienda, jambo la kwanza ananiambia, baba, nilikanyaga breki. Hata sijaketi. Baba, nilikanyaga. Wenzake huko wanamcheka, wanamwita Breki. Ndugu zake hawamwamini, mama yake hasemi. Mimi namwambia najua, mwanangu, ulikanyaga. Nimebaki mimi tu wa kumwambia."

Safwan alitikisa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeelezwa kwamba taa ya nyuma haiwaki. Akamwomba mzee akae kivulini, kuna vipimo kidogo.

Nilimvuta mkono mpaka nyuma ya mtambo. Nilikuwa nahema. Nikamwambia apige picha kioo kile, sasa hivi, kabla hakijazimika. Swali lake la miezi yote limejibiwa, na jibu liko kwenye kiganja chake, na kesho atalitupa mbele ya Haji Dughaym na tasbihi yake.

"Simu yangu ina chaji kidogo," akasema.

"Safwan, usinitanie. Chukua yangu."

"Ya nini?"

"Ya nini? Hakukanyaga! Umeona mwenyewe!"

"Nimeona," akasema. "Sasa niache nipime betri."

Akaipima. Hilo ndilo lililonishinda kumwelewa. Alichuchumaa kwenye lami ya moto, akaangalia chini ya gari, akapima waya kwa waya kama kuna umeme unaovuja, maana gari likigonga hujifunga kwa sababu nzuri, lisije likaunguza watu. Fundi aliyelinyoosha alipaka rangi na kuzima taa za dashibodi, kufuli la ndani akaliacha. Safwan alihakikisha betri ni nzima, kisha akahakikisha tena. Jasho lilikuwa linadondoka kutoka kwenye zile nywele zake ndefu. Nikamwangalia nikafikiri, mtu huyu amekufa na hakuna aliyetuambia tumzike.

Alirudi kitini. Kifaa kikamwuliza kama anataka kufuta rekodi ya mgongano, na kikamwonya kwamba ikifutwa hairudi. Gari lisingepokea chaji ya haraka mpaka ifutwe. Nilisimama pale na simu yangu mkononi, kamera imefunguka, na nakiri sikuinua mkono. Angeniambia "piga" ningepiga. Hakusema.

Akabonyeza kwa kidole gumba, palepale alipokuwa akibonyeza siku zote. Kisha akatoka, akachomeka waya, na gari na mtambo vikasalimiana vile anavyosema yeye. Kukasikika mlio mdogo ndani ya gari. Namba zikaanza kupanda.

Abu Faysal alisimama mbele ya zile namba akizisoma kwa sauti, nane, tisa, kama mtoto shuleni. Alitaka kulipa, akaambiwa kampuni ndiyo inayolipa mafundi. Akataka jina, ili amwombee dua.

"Niombee bila jina, ami," Safwan akasema. "Mungu atajua ni nani."

Njia nzima ya kurudi nilinyamaza, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo. Karibu na Madaba, tulipoipita ile sehemu, nilishindwa.

"Kesho utasema nini?"

"Sijui."

"Lakini sasa umejua."

"Nimejua."

"Basi?"

"Basi nimejua."

Nikamwuliza anasikia nini, moyoni, ndani, popote. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, akaniambia anasikia njaa. Tukasimama tukanunua falafeli. Alikula yake akamaliza na nusu ya yangu. Usiku ule mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nilijua atafanya nini. Mtu aliyeweka sharti mbele ya mzee wa watu, na sharti limejibika, atalifuata. Nikaanza kuona aibu ya kahawa iliyopoa, wanaume mia wakivaa viatu bila kuangaliana, na sufuria za nyama zikirudi jikoni. Na nikaona ni haki yake. Nasema kweli, nilitaka asikatae kwa ajili ya ukoo, na nilitaka akatae kwa ajili ya Yazan, na yote mawili niliyataka kwa nguvu.

Ijumaa hema lilijaa. Tuliketi upande mmoja, wao wakaingia wakaketi upande wa pili, na baba wa mkosaji, kwa desturi, akaletwa mwisho akawekwa mwisho, karibu na viatu. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi tena. Alikuwa ameinamisha kichwa, ndivyo inavyotakiwa, hivyo hakutuona. Nilimimina kahawa ya Haji Dughaym. Akaiweka chini mbele yake, akaanza hotuba yake. Alimtaja Mungu, akataja mababu, akataja mvulana wa miaka kumi na tisa na mama yake. Alisema vizuri. Kikombe kilitoa mvuke, kikaacha.

Halafu watu wote wakamtazama Safwan. Alikuwa amevaa kanzu ya Yazan, na zile nywele. Alisimama, na aliposema neno la kwanza, "Ami," Abu Faysal akaitambua sauti akainua kichwa.

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alimwona fundi. Nadhani palepale alikumbuka vyote kwa mpigo, kifaa, kioo, swali, na kile alichokisema mwenyewe amesimama na kitambaa. Mkono wake ukashika mkeka. Yule mzee alijua kwamba hema zima halina mtu mwingine anayelijua gari la mwanawe kutoka ndani.

"Ami, gari linapokea?" Safwan aliuliza.

"Linapokea," mzee akasema.

Watu waligeukiana. Haji Dughaym akaacha tasbihi. Umm Safwan alikuwa nyuma ya pazia la wanawake.

"Niliweka sharti," Safwan akasema, akiwageukia wote. "Nilisema anayejua aniambie kama mvulana alikanyaga breki. Jana nililisoma gari lenyewe. Gari hukumbuka." Akamwangalia mzee, na macho yake yalikuwa yaleyale ya miezi yote, makavu. "Alikanyaga. Mwambie mwanao nimesema alikanyaga. Kunyweni kahawa yenu."

Nilikuwa nimesimama katikati na birika. Nilijua kinachotakiwa, nikashindwa kusogea, mpaka Haji Dughaym akagonga kikombe chake kilichopoa kwenye sinia nimbadilishie. Alikunywa. Hema likapumua. Nikazunguka nikimimina, mtu kwa mtu, nikafika mwisho, kwenye viatu. Abu Faysal alikuwa analia bila kujifuta. Alikunywa, akanirudishia kikombe bila kukitikisa, na asiyetikisa anataka zaidi, nikamiminia tena. Akanywa, hakutikisa. Nikamiminia. Mara ya nne niliona kwamba hajui anachofanya, nikamshika mkono nikautikisa mimi. Nyuma ya pazia mama wa Yazan alikuwa amepiga ukelele mmoja mrefu, kisha nikasikia wanawake wakimwambia, umesikia, alijaribu, mtoto alijaribu, na yeye anarudia, alijaribu.

Walikula, wakashukuru, wakaondoka. Nilimkuta Safwan nyuma ya nyumba, anaosha mikono kwenye bomba ingawa hakuwa amekula. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini. Nilikuwa na hasira, ninakiri, na hasira yangu haikujua imwendee nani.

Alifunga bomba.

"Nilitaka mtu aniambie alikanyaga," akasema. "Miezi yote. Hakuna aliyeniambia. Nikasema mwenyewe."

"Na imekusaidia?"

Akasubiri, kama anavyosubiri mtambo ujibu.

"Bado," akasema.

Kisha akaniomba funguo za gari langu. Alisema saa hizi vinyozi wa Ijumaa huwa wamefungua, kuna mmoja chini karibu na stendi, yeye hamjui, wala kinyozi hamjui yeye. Nikaenda naye. Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni akamwuliza akate vipi, na Safwan akamtazama kwenye kioo mpaka kinyozi akateremsha mkasi. Yazan hakuwahi kumwuliza swali hilo, naye hakujua jibu.